Miaka Kumi Ndani ya Chupa ya Achari

Delbert Kuchar, fundi wa mabasi ya shule katika mji wa Port Harmon, Ohio, alikuwa mtu mkweli katika mambo yote isipokuwa moja. Bahati mbaya ni kwamba hilo moja ndilo alilolizungumza zaidi. Alilizungumza gereji, alilizungumza kanisani kabla ya misa, alilizungumza kwa daktari wa meno akiwa na pamba mdomoni. Kila Jumanne alipiga simu redioni kulieleza upya, hata mtangazaji akazoea kumkaribisha kwa maneno haya: "Na sasa tunaye Del Aliyesema."

Alichosema, kwa madai yake, ni kwamba Timu isimchukue Dax Hollenbeck.

Jina la Timu halitatajwa hapa. Kwanza, Port Harmon hakuna anayelitaja. Husemwa "Timu" tu, kwa sauti ile ile anayotajwa nayo mjomba mlevi. Pili, imeaibika vya kutosha. Ni timu ya mpira ule wa Kimarekani wenye umbo la yai, ambamo wanaume wa ukubwa wa friji hugongana ili mmoja wao asonge hatua tatu. Kila Aprili timu zote za ligi hukaa siku tatu kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, kwa zamu, na iliyofanya vibaya zaidi huchagua kwanza. Kwa hiyo Timu ilikuwa na uzoefu mkubwa wa kuchagua mapema, na mashabiki wake uzoefu mkubwa zaidi wa kujuta. Mashabiki wa miji mingine husubiri msimu wa mechi. Wa Port Harmon walishakata tamaa na mechi zamani. Sikukuu yao ni Aprili, kwa kuwa Aprili Timu haiwezi kufungwa na mtu.

Kila mwaka, siku chache kabla ya uteuzi, watu saba waliojiita Baraza walikutana katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa bolingi wa Darlene Fusco. Walibishana nani achaguliwe mpaka koo zikawauma, kana kwamba kuna mkubwa angewapigia simu kuwaomba ushauri. Kisha kila mmoja aliandika shauri lake kwenye karatasi ya alama za bolingi, akaikunja, akaandika jina lake kwa nje, na zote zikatumbukizwa kwenye chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya achari ya matango. Chupa ilifungwa, ikazungushiwa utepe wenye mwaka, ikapandishwa rafu ya juu nyuma ya viatu vya kukodisha, na haikuguswa mpaka miaka kumi ipite. Mchezaji, walisema, hahukumiwi siku ya kuchaguliwa, na shabiki vivyo hivyo. Aliyefichua alichoandika kabla ya wakati alifukuzwa. Siku ya kufungua, aliyeonekana amekosea kuliko wote alivaa jezi ya mchezaji aliyemtaka, msimu mzima, hata akialikwa harusini.

Miaka kumi nyuma, Timu ilikuwa na zamu ya pili, na ubishi ulikuwa juu ya vijana wawili. Wa kwanza ni Hollenbeck, mrushaji, yaani yule anayeshika mpira na kuamua nani arushiwe. Wa pili ni Ephraim Tuttle, mlinzi, jitu la kilo mia na hamsini ambalo kazi yake ni kusimama mbele ya mrushaji asije akavunjwa mbavu. Timu ikamchukua Hollenbeck. Kwa misimu mitatu kijana huyo alirusha mpira kwa ufundi mkubwa, mara nyingi kwa wapinzani, na leo anauza mabwawa ya kuogelea huko Idaho. Tuttle alichukuliwa na mahasimu wao wa jirani. Leo nchi nzima inamwita Kabati, na mara mbili kwa mwaka hurudi kuwakumbusha walichokiacha.

Ukweli ni kwamba Delbert alisimama siku ile mbele ya Baraza na hotuba ya kurasa tatu ya kumtaka Hollenbeck. Alikuwa na vipimo vya kiganja cha kijana huyo. Mambo yalipoharibika, alibadilisha maelezo. "Nilikuwa nawachokoza tu, mpate kufikiri," alisema. "Andiko langu la kweli liko kwenye chupa. Ngojeni muone." Alichoandika hakukitaja, kwa hiyo kanuni haikumkamata. Chupa haifunguliwi, basi ikawa shahidi mzuri kuliko mashahidi wote. Alilirudia neno hilo mwaka baada ya mwaka, wenzake watatu wakahamia Florida, kumbukumbu za waliobaki zikafifia, na mwisho hata yeye mwenyewe akaliamini. Aliamini kabisa, kwa dhati, kama unavyoamini kwamba ulikuwa mwembamba ujanani.

Lakini mashabiki wakikosa mchawi hawalali, na mchawi alipatikana: Norb Stasiak, shemeji yake Delbert, kaka wa mkewe Rosanne. Norb ndiye aliyepanda juu ya kiti siku ile akimpigia debe Hollenbeck kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye njia za bolingi, na kiti kile kilikumbukwa na kila mtu. Kwa miaka sita Delbert alimtania juu ya kiti hicho. Halafu, miaka minne iliyopita, kwenye Sikukuu ya Shukrani, watu wameinamisha vichwa mezani, bata mzinga anafuka moshi, Delbert aliongoza sala. "Tunakushukuru, Bwana," alisema, "kwa mema yote uliyotupa mwaka huu, na tunamsamehe Norb, ambaye ndiye aliyetuletea Hollenbeck."

Alicheka peke yake. Norb alikunja kitambaa chake cha mezani, akachukua koti, akatoka. Mkewe akamfuata, amebeba pai ya maboga aliyokuja nayo. Tangu siku hiyo Norb hakukanyaga nyumba ya dada yake, wala Barazani hakuonekana. Rosanne hakumgombeza mumewe. Aliendelea kupika na sehemu ya kaka yake, aliyezoea kula kwao kila Jumapili, kwa wiki kama tatu hivi, kisha akaacha, na kuacha kwake kulimuuma Delbert kuliko ambavyo angekubali kusema.

Mwezi Februari mwaka huu, Delbert akiwa chini ya basi namba kumi na nne, mafuta yanamdondokea kwenye kidevu, alikumbuka. Hakuna kilichomkumbusha. Lilimjia tu, wazi kabisa: mkono wake mwenyewe ukiandika *Hollenbeck*, na alama ya mshangao mbele yake.

Alitoka chini ya basi akakaa kwenye ndoo. Aprili hii chupa ilikuwa inafunguliwa.

*

"Darlene amenipigia," Rosanne alimwambia Alhamisi ya uteuzi, akikausha vyombo. "Norb anakuja Jumamosi, kwenye ufunguzi wa chupa."

"Norb? Anakuja kufanya nini?"

"Karatasi yake imo humo, si imo? Ana haki." Aliweka sahani chini. "Sikiliza, Delbert. Ndugu ninaye mmoja. Ukimchokoza Jumamosi, ukamtania hata kidogo tu, basi usirudi na maelezo hapa. Mimi mpira wenu siujui na sitaki kuujua. Namtaka kaka yangu mezani."

"Sitamchokoza."

"Hujawahi kunidanganya," alisema Rosanne, na Delbert akajitia kutafuta chumvi kabatini.

Mtu mwenye akili angekiri pale pale. Delbert alikuwa shabiki. Alijihesabia mambo hivi: chupa ikifunguliwa, yeye, Del Aliyesema, atachekwa na mji mzima, na redio juu. Hilo angeweza kulibeba. Ila Norb naye angekaa pale akisikia kwamba miaka kumi amesimangwa na mtu mwenye kosa lile lile, na hapo hata Rosanne angekuwa na haki ya kumtupia vyombo. Shemeji huyo asingerudi tena. Kwa hiyo, kwa ajili ya amani ya familia, ilibidi aibe.

Aliifanya kazi hiyo kwa umakini ambao Timu haijawahi kuutumia kuchagua mchezaji hata mmoja. Alitafuta karatasi za zamani za bolingi, za mwaka ule ule, zenye tangazo la duka la mazulia lililokufa. Alitafuta kalamu ya wino wa bluu. Aliandika, akaichovya karatasi kwenye chai, akaiweka kwenye oveni dakika nne, akaikunja na kuikunjua mpaka ikachoka. Alipoiangalia alijivunia, kusema kweli. Ilionekana kama kitu kilichochimbwa.

Ijumaa asubuhi, wastaafu wakicheza ligi yao, alimwambia Darlene kwamba mashine ya kurudisha mipira inalia vibaya, ngoja aiangalie. Darlene, mama wa miaka sabini anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, alimwitikia kwa mkono tu. Dakika kumi baadaye chupa ilikuwa ndani ya sanduku la vifaa, na Delbert alikuwa kwenye gari lake maegeshoni, ameibana chupa katikati ya magoti, utepe ameubandua taratibu usichanike, mfuniko umegoma. Aliuzungusha kwa kitambaa. Aliugonga kwenye usukani, honi ikapiga, wazee wawili wakageuka, akawapungia. Ulipofunguka, harufu ya achari ya miaka kumi ilimpanda puani mpaka machozi yakamtoka.

Alitoa karatasi yake, akatumbukiza ile mpya. Karatasi ya Norb ilikuwa pale juu, jina lake kwa nje kwa mwandiko wake wa herufi kubwa kubwa. Delbert aliishika, akaitazama, akairudisha bila kuifungua. Kanuni ilikataza kusoma karatasi ya mwenzako kabla ya siku, naye, ingawa alikuwa mwizi, hakuwa mwizi asiye na utaratibu. Kisha akaisoma yake ya zamani, na ilikuwa mbaya kuliko alivyokumbuka. Alitaka kuichana. Aliisoma tena. Hoja zilikuwa zimepangwa vizuri. Zilikuwa za kijinga toka mwanzo mpaka mwisho, lakini zilikuwa zimepangwa vizuri, na mkono ukamsaliti ukaitia mfukoni mwa shati. Akaubandika utepe, akairudisha chupa rafuni.

*

Jumamosi saa sita mchana ndipo wapenzi wa kweli hukaa. Siku mbili za kwanza ni za watu wote, za suti na kamera. Siku ya tatu huchaguliwa vijana ambao hata mama zao wanashangaa. Televisheni ya chumba cha nyuma ilikuwa imewashwa, mabawa ya kuku yako mezani, chupa katikati. Kati ya wale saba walikuwa wamebaki wanne, na Norb alikuwa mmoja wao.

Alikuja na shati lililopigwa pasi. Alimpa mkono Darlene, akampa mkono Alonzo Mayhew, shemasi wa kanisa la Wabaptisti ambaye ndiye msomaji wa karatasi, akamwitikia Delbert kwa kichwa, na akakaa karibu na mlango.

"Karibu, Norb," alisema Delbert.

"Nimekaribia."

Kwa bahati Baraza halikosi la kubishania. Alhamisi Timu ilikuwa imemchukua kijana mpokeaji, yaani mdakaji wa mirusho, mwepesi kama sungura, ikamwacha mzuiaji wa kuangusha wapinzani ambaye kila mtu alimuona.

"Mimi nasema siku zote," alianza Shemasi Mayhew, "zamu yako ikifika, chukua aliye bora kuliko wote waliobaki. Usiangalie huna nini. Mahitaji yatajijaza yenyewe."

"Yatajijaza!" Darlene alishusha miwani ya kichwani. "Alonzo, ukienda dukani nyumbani hakuna mkate, utanunua keki kwa sababu siku hiyo keki ndiyo bora?"

"Kama ni keki nzuri, ndiyo."

"Ndio maana mkeo hakutumi dukani. Miaka ishirini tunakula keki, jamani! Wapokeaji watano, na wa kuwarushia hatuna. Wanakimbia kule mwisho wanasimama kama wanasubiri basi."

"Ingeuzwa ile zamu," alisema Delbert. "Unaiuza kwa timu yenye haraka, unapewa zamu mbili tatu za chini."

"Zamu tatu za kukosea badala ya moja," alisema Norb kutoka mlangoni.

Wote wakacheka, Delbert naye. Alikuwa amesahau jinsi Norb anavyoweza kutupa neno moja likatosha. Kwa dakika moja hivi ilikuwa kama zamani, na Delbert aliona karibu atasalimika.

Shemasi alijifuta mchuzi vidoleni, akavaa miwani, akakata utepe. Mfuniko ulifunguka kwa urahisi mno.

"Hee," alisema. "Achari imelainika."

Karatasi za waliohamia Florida aliziweka kando, akaanza na ya Darlene. Alikuwa ameandika zamu iuzwe na hela za tiketi zirudishwe kwa wananchi. Ya Shemasi mwenyewe ilimtaka mkimbiaji mmoja kutoka Texas ambaye goti lake lilipasuka kabla ya mechi ya kwanza. Aliisoma harakaharaka, kama tangazo la sadaka za wiki. Kisha akachukua ya Delbert.

"Haya, wote tulieni. Del Aliyesema." Akasafisha koo, akaisoma kwa sauti ya mimbarini. "*Mchukueni Tuttle. Mrushaji asiye na ukuta mbele yake ni mgonjwa anayesubiri gari la hospitali. Ukiwa na Kabati mlangoni, hata bibi yangu anaweza kurusha mpira.*"

"Aisee," alisema, akiishusha karatasi. "Mzee, kumbe kweli ulisema."

Delbert aliinua mabega kwa unyenyekevu aliokuwa ameufanyia mazoezi. Ila Darlene hakuwa anacheka. Alikuwa ameweka bawa la kuku chini.

"Kabati?" alisema.

"Si ndiyo jina lake?" alisema Delbert.

"Ndiyo jina lake sasa. Alipewa na mtangazaji, kwenye ile mechi ya theluji, alipombeba yule mtu wetu mpaka nje ya uwanja. Nakumbuka, umeme ulikatika nikawapa bia bure nyote. Mwaka wa tatu ule." Alimtazama Delbert kupitia miwani yote miwili. "Wewe umeandika lini?"

Kwenye televisheni mtu mwenye tai alikuwa akisifu uzito wa kijana fulani. Delbert aliitazama karatasi mkononi mwa Shemasi. Chai, oveni, wino wa bluu, vyote alivifikiria. Jambo ambalo hakulifikiria ni kwamba hapa duniani Ephraim Tuttle aliwahi kuwa Ephraim Tuttle tu. Alikuwa amemwita Kabati kwa muda mrefu mno. Mtu asiyejua kitu kuhusu mpira asingefanya kosa hilo kamwe.

"Mimi ndiye niliyeanza kumwita hivyo," alisema Norb.

Wote wakageuka.

"Jikoni kwa Rosanne," aliendelea, akiangalia mikono yake. "Kabla ya mtangazaji. Kabla hata hajachaguliwa. Tulikuwa tunaangalia mikanda yake ya chuo, nikasema, huyu si mtu, huyu ni kabati. Del alicheka. Bila shaka aliliokota pale."

"Basi sawa," alisema Darlene polepole.

Hawakuwahi kuangalia mkanda wowote wa Tuttle jikoni. Norb alijua, na Delbert alijua, na katika chumba kile hakuna mwingine aliyejua.

"Imebaki yako, Norb," alisema Shemasi akitia mkono kwenye chupa.

"Yangu iache."

"Iache vipi?"

"Iache tu, Shemasi. Miaka imepita. Nilipanda kitini watu wote wananiona, mnajua nilimtaka nani. Nipeni hiyo jezi nivae, tumalize, tuangalie uteuzi."

Delbert alimtazama shemeji yake. Alimwona amezeeka, shati lake lile la pasi limelegea shingoni. Mtu huyu alikuwa ametukanwa kwa miaka kumi, akasimangwa mbele ya Mungu na bata mzinga, na dakika hii alikuwa amemdanganyia Delbert mbele ya shemasi, na sasa anaomba karatasi yake isisomwe kwa sababu anaona haya. Ataivaa jezi ya Hollenbeck peke yake. Delbert aliona aibu. Hakufikiria redio, wala mji. Alifikiria kwamba walikuwa wawili kwenye kosa lile, na mmoja alikuwa amemwacha mwenzake kwenye kiti.

Alisimama. "Norb anadanganya," alisema.

"Del, kaa chini," alisema Norb.

"Hakuna mikanda tuliyoangalia. Hiyo karatasi niliiandika wiki hii. Niliipika kwenye oveni." Alitoa mfukoni ile ya zamani, aliyotembea nayo tangu jana. "Ya kweli hii hapa. Naisoma mwenyewe. *Hollenbeck! Mkono kama ule huzaliwa mara moja kwa karne. Kiganja chake kina inchi kumi na robo. Tuttle ni mnene tu; wanene wako tele, hata Port Harmon tunao. Atakayebisha hajui mpira na asiruhusiwe kuuangalia.*"

Darlene alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka miwani ya juu ikaanguka kwenye mchuzi. Shemasi alikuwa ameufunika uso kwa mikono, mabega yanaruka. "Inchi kumi na robo!" alisema. "Ee Bwana, inchi kumi na robo!"

"Chekeni," alisema Delbert. "Ni haki yenu. Ila mjue tulikuwa wawili. Norb hakutuletea Hollenbeck. Mimi na Norb tulimtaka wote, ila yeye hakudanganya. Basi soma na ya kwake, Shemasi, na jezi tutavaa wote wawili."

"Nimesema iache!" alisema Norb, na safari hii alisimama.

Lakini Shemasi alikuwa ameshaifungua. Aliisoma kwanza kimya, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Kisha akaisoma kwa sauti ya kawaida, si ya mimbarini.

"*Tuttle. Jengeni ukuta kwanza, mrushaji atapatikana. Shemeji yangu anamtaka Hollenbeck, na leo nimemsemea mpaka koo limekauka kwa sababu wamemcheka, na kiwanda kimempunguza kazini mwezi huu, na mtu mmoja hapa ameuliza kama ni kwa macho hayo hayo alikuwa akikagua vioo. Hana hali ya kuchekwa sasa. Mkija kusoma hii msimcheke tena. Norbert Stasiak.*"

Hakuna aliyecheka. Delbert alikuwa amesimama katikati ya chumba na karatasi yake mkononi. Alikumbuka sasa: Aprili ile, barua ya kiwanda cha vioo alikofanya kazi kabla ya mabasi imo mfukoni, sauti ya mmoja wa wale waliohamia Florida, vicheko, na jinsi alivyotaka ardhi immeze. Halafu kelele za Norb juu ya kiti, na watu wakageuka kumcheka Norb. Alikuwa amekumbuka kiti miaka yote na kusahau kilichompandisha Norb.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza.

"Kanuni."

"Kanuni gani, Norb! Miaka kumi!"

"Nilidhani utaacha," alisema Norb. "Kila mwaka nilijisemea, mwaka huu ataacha. Halafu ukaiweka kwenye sala. Wajukuu zangu walikuwa mezani, Del. Yule mdogo aliniuliza kwenye gari, babu, umefanya nini."

"Nisamehe."

Norb alikaa, akavuta sahani ya mabawa, akachagua moja, akalirudisha. Delbert hakuthubutu kukaa. Hakuwahi katika maisha yake kutaka kitu kama alivyotaka neno moja kutoka kwa mtu yule, na alijua hakustahili hata nusu yake.

"Rosanne bado anapika Jumapili?" aliuliza Norb mwishowe.

"Anapika."

"Nitakuja. Nakuja kwa dada yangu. Wewe utakaa meza ya watoto."

"Kile kimeza cha plastiki?"

"Hicho hicho. Na jezi ya Hollenbeck."

"Mpaka lini?"

"Mpaka niseme."

"Ni haki," alisema Shemasi, na Darlene akaitikia kwamba ni haki, na ikaandikwa.

Wakati huo ilifika zamu ya Timu. Mtu wa tai akafungua kadi, akatangaza kwamba kati ya vijana wote wa nchi waliobaki, walinzi, wazuiaji, warushaji, Timu imemchagua mpiga mateke, kijana mwembamba kutoka Nebraska ambaye kazi yake ni kuingia uwanjani mara nne kwa mechi, kupiga mpira na kutoka. Darlene aliitupia televisheni kitambaa. Shemasi alisema hata yeye, kwa imani yake yote, huyo si aliye bora. Norb alisema ni sawa, timu isiyofunga bao inahitaji mtu wa kuwarudishia wapinzani mpira. Delbert alifungua mdomo kutoa hoja, akaufunga, akatoka nje kumpigia mkewe.

Alimweleza Rosanne yote akiwa amesimama kando ya pipa la taka: karatasi, oveni, chai, alichoandika Norb. Hakujipunguzia. Rosanne alisikiliza bila kumkatiza, na alipofika kwenye meza ya watoto hakucheka.

"Kwa hiyo anakuja," alisema.

"Anakuja. Kesho."

Delbert alimsikia akifungua kabati la jikoni. Kisha akamsikia akivuta pumzi, na sauti ilipokuja ilikuwa imelowa.

"Muulize," alisema, "kama bado anapenda kabichi yenye tambi na pilipili manga nyingi. Au kama daktari amemkataza siku hizi. Mimi sijui tena anakula nini."

Delbert naye hakujua. Alifuta uso kwa mkono wa shati, akarudi ndani kumuuliza.